Ungwana Pasipo Kongwa: Uhakiki wa Kitabu cha Martin Luther juu ya Uhuru wa Mkristo

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mzee alitujia baada ya ibada ya Jumapili, akasimama mlangoni pa ofisi ya usharika, akasema: "Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji. Naomba kuuliza: ubatizo wangu ulikwisha nguvu lini?" Mama huyo alibatizwa angali mtoto mchanga, akapata kipaimara, akafunga ndoa kanisani, akawazika wazazi wake na watoto wake wawili kwa tumaini la ufufuo. Sasa alikuwa ameambiwa, mahali fulani penye maombi, kwamba angali amefungwa na laana ya babu yake. Kwamba alikwisha kuombewa mara mbili asifunguke sawasawa, na kwamba mara ya tatu itampasa kuja na sadaka iliyo kubwa zaidi.

Hatukuwa na jibu siku ile. Tulimwombea, tukamwaga, naye akaenda zake na swali lake. Makala haya ni jitihada ya kumjibu, ingawa tumechelewa. Tunakusudia kukihakiki kitabu kidogo cha Martin Luther juu ya uhuru wa Mkristo, tukikisoma pamoja na Waraka kwa Wagalatia kama ulivyofasiriwa katika Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba uhuru unaohubiriwa mahali pengi leo ni nusu ya uhuru wa Injili, na ya kuwa sisi wachungaji wa Kilutheri tumechangia kuukata vipande viwili.

Kitabu na wakati wake

Mwaka 1520 ulikuwa mwaka wa hatari kwa Luther. Tarehe 15 Juni Papa Leo X alitoa hati iliyomtaka ayakane mafundisho yake katika muda wa siku 60, la sivyo atengwe na Kanisa. Katika mwaka huo huo Luther alitoa vitabu vitatu vinavyohesabiwa miongoni mwa nguzo za Matengenezo: kile cha Agosti kwa wakuu wa taifa la Ujerumani, kile cha Oktoba juu ya utekwa wa Kanisa kule Babeli, na hiki cha Novemba juu ya uhuru wa Mkristo. Tarehe 10 Desemba aliichoma moto hati ya Papa huko Wittenberg, na tarehe 3 Januari 1521 akatengwa rasmi.

Vitabu viwili vya kwanza vina ukali wa vita. Cha tatu kimeandikwa kwa utulivu. Luther alikitoa kwa Kilatini, pamoja na barua kwa Papa Leo mwenyewe, na tena kwa Kijerumani kwa ajili ya watu wasiosoma Kilatini. Toleo la Kijerumani lina aya 30 tu, na mwanafunzi aweza kulisoma lote alasiri moja.

Jambo la kwanza la kuangalia ni lile ambalo mwandishi hakulisema. Mtu aliyekuwa akitishwa na mamlaka kuu ya Kanisa angeweza kuufafanua uhuru kuwa ni kuondokana na Papa. Luther hakufanya hivyo. Hoja yake yote inasimama juu ya kauli mbili zinazoonekana kupingana: kwamba kwa njia ya imani Mkristo ni bwana, asiye chini ya mtu awaye yote, na kwamba kwa njia ya upendo Mkristo yule yule ni mtumishi, aliye chini ya watu wote. Nusu ya kwanza ya kitabu inaeleza kauli ya kwanza, na nusu ya pili kauli ya pili. Anayekifunga kitabu katikati hajakisoma.

Maneno matatu ya Wagalatia

Msomaji wa Kiswahili anao msaada ambao Luther hakuwa nao. Katika Wagalatia 5:1 Mtume Paulo, kwa Kiyunani, anatumia shina moja la neno mara mbili: uhuru, na kuweka huru. Wafasiri wa Biblia ya Union Version iliyotolewa mwaka 1952 hawakutosheka na neno moja. Mahali pa kwanza waliweka "ungwana". Mahali pa pili wakasema Kristo ametuandika huru. Na mzigo tunaoonywa tusinaswe tena chini yake wakauita "kongwa". Maneno haya matatu yametoka katika historia ya pwani na bara yetu, na wanafunzi wetu wengi leo huyasoma pasipo kuyasikia.

Kongwa lilikuwa mti wenye panda, uliofungwa shingoni mwa mateka katika misafara ya watumwa iliyotoka bara. Kuandikwa huru kulihusu hati: mtumwa aliyeachwa huru alipewa maandishi ya kumshuhudia, na wakati wa utawala wa Kijerumani ofisi za serikali zilitoa hati za namna hiyo kwa maelfu. Ungwana, hata hivyo, ulikuwa jambo jingine. Mwungwana ni mtu aliyezaliwa huru, mwenye nyumba na ukoo na jina. Mtumwa aliyeandikwa huru hakuhesabiwa kuwa mwungwana. Aliitwa huru, na wenzake mahuru, na kwa desturi iliyofuata sheria ya Kiislamu alibaki na fungamano la kudumu kwa yule aliyemwacha, hata ikiwa alikufa pasipo warithi wa damu, bwana wake wa zamani aweza kumrithi. Hati ilimwondoa utumwani, lakini haikumpa kuzaliwa upya. Ndiyo maana watu wengi waliotoka utumwani walijitahidi kuitwa waungwana. Katika misafara ya bara hata wapagazi waliokuwa watumwa walijiita hivyo, na jina la Kingwana, yaani Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ni kumbukumbu ya neno hilo.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini katika Tanganyika hali ya utumwa haikufutwa kabisa kisheria hadi mwaka 1922. Kwa hiyo tafsiri ya 1952 iliwafikia watu ambao wazee wao waliyajua mambo haya kwa macho.

Basi na tutazame walichofanya wafasiri. Kiyunani kina shina moja. Kiswahili kilihitaji maneno mawili, kwa sababu jamii yetu ilijua namna mbili za mtu huru. Nao wakayaunganisha maneno yale mawili ambayo desturi iliyatenga: Kristo ametuandika huru, na hati yake inatuweka katika ungwana. Hati ya namna hiyo haikuwako pwani. Lakini ndivyo sura ya nne ya Waraka ilivyokwisha kutuandaa, kwa maana katika 4:7 Paulo anasema kwamba aliyekuwa mtumwa sasa ni mwana, na akiwa mwana basi ni mrithi. Na mwisho wa sura hiyo anatuhesabu kuwa watoto wa mama aliye mwungwana, wala si wa mjakazi. Kristo hatuachi tuwe mahuru mlangoni pa nyumba. Anatuingiza ndani kama waliozaliwa humo.

Hapa Luther na wafasiri wetu wanakutana. Luther anaueleza muungano wa Kristo na mwamini kwa mfano wa arusi: bwana arusi anayachukua madeni na aibu ya bibi arusi, naye bibi arusi anapewa haki, uzima na wokovu wa bwana arusi. Palipo na arusi ya namna hiyo hakuna tena deni la ukoo linalodaiwa. Anayemdai bibi arusi sharti akamdai mumewe.

Mahuru wa siku zetu

Tukishika tofauti hii ya huru na mwungwana, twaweza kuyapima mafundisho ya kufunguliwa yaliyoenea katika miji na vijiji vyetu. Hatusemi kwamba nguvu za giza hazipo, wala hatudharau maombezi. Kanisa limeagizwa kuwaombea wagonjwa, na kitabu kidogo cha Ubatizo alichokitoa Luther mwaka 1526 kilibakiza maneno ya kumfukuza pepo mchafu. Kosa halimo katika kuomba. Kosa limo katika aina ya mtu anayetokea baada ya maombi.

Mtu huyo ni nani? Ni huru asiye na ungwana. Amefunguliwa, lakini ni lazima arudi kwa aliyemfungua: achukue mafuta mengine, maji mengine, siku nyingine za kufunga, sadaka nyingine ya kujinasua. Akipata kazi, ni kwa mkono wa nabii. Akiikosa, ni kwa sababu kifungo kingine kimegunduliwa. Kila kufunguliwa kunafichua laana iliyo nyuma yake, nayo ina gharama yake. Hivyo yule aliyemwandika huru amekuwa bwana wake mpya, na pengine mrithi wake angali hai. Mama aliyetujia hakuwa amepungukiwa na imani. Alikuwa amefundishwa kuishi kama mahuru katika nyumba ambayo yeye ni binti wa humo.

Lakini sisi nasi tusijihesabie haki mapema. Imesikika katika sharika zetu wenyewe kwamba siku ya msiba, kabla ya kupanga ibada ya mazishi, familia huulizwa kadi ya sadaka ya marehemu, na ahadi isiyokamilika hutajwa mbele ya jeneza. Twajua kwamba Kanisa lina mahitaji na kwamba sadaka ni wajibu wa waamini. Hata hivyo, mjane anayelipa deni la ahadi ili mumewe azikwe na mchungaji, hana tofauti kubwa na mama anayelipa ili laana iondoke. Kongwa laweza kubadilishwa mti, likabaki kongwa.

Luther aliliona jambo hili. Katika kitabu hiki hiki anasema kwamba waamini wote ni wafalme na makuhani katika Kristo, na kwamba Maandiko huwaita watu wa huduma kuwa watumishi na mawakili tu. Lakini uwakili ule umegeuzwa kuwa ubwana wa kutisha. Aliyaandika hayo juu ya makasisi wa wakati wake. Sisi tunaovaa kola leo hatuna sababu ya kudhani kwamba aya ile imekwisha kazi.

Mwungwana anayetumika

Yuko msomaji atakayesema: ikiwa Mkristo ni mwungwana, hana deni, hana laana, wala hana bwana, ni nini kitakachomzuia asikae tu? Swali hili ni la zamani, na Luther analijibu kwa nusu ya pili ya kitabu chake. Paulo analijibu katika Wagalatia 5:13. Hapo anasema kwamba tumeitwa ili tuwe huru, na mara anaongeza kwamba tutumikiane katika upendo. Kwa Kiyunani kitenzi cha kutumikiana ni cha shina lile lile la utumwa aliloukataza katika mstari wa kwanza. Yaani aliyevuliwa kongwa anaambiwa awe mtumwa tena, lakini wa jirani yake, na kwa hiari.

Kiswahili kimeuhifadhi ukali wa jambo hili vizuri kuliko lugha nyingi. Mtumwa, mtumishi na mtume ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Paulo anapojitambulisha katika Warumi 1:1 kuwa mtumwa wa Kristo na mtume, sikio la Mswahili linasikia kwamba mambo hayo mawili ni ndugu. Tofauti iko katika nani anatuma, na kwa nini anayetumwa anakwenda.

Wazee wetu husema kwamba uungwana ni vitendo. Methali hii yaweza kusomwa kwa njia mbili. Mmoja ataisoma hivi: tenda mema, nawe utafanyika mwungwana. Ndivyo Sheria inavyohubiriwa. Mwingine ataisoma hivi: mwungwana hutambulikana kwa matendo, kwa maana hatendi kwa kuogopa kiboko. Luther angeichagua njia ya pili. Kwa mfano wa mti na matunda anafundisha kwamba matendo mema hayamfanyi mtu kuwa mwema. Mtu aliyekwisha kufanywa mwema na Mungu ndiye anayeyazaa. Asiye na haja ya kujinunulia wokovu anayo mikono miwili mitupu kwa ajili ya jirani.

Mifano anayoichagua Luther yafaa kufundishwa darasani. Paulo alimtahiri Timotheo kwa ajili ya udhaifu wa wengine, kama tusomavyo katika Matendo 16:3. Lakini alikataa Tito asitahiriwe pale tohara ilipotakiwa kuwa sharti, kama ilivyo katika Wagalatia 2:3. Bwana Yesu, kama tusomavyo katika Mathayo 17, alieleza kwamba wana wa mfalme hawadaiwi kodi, kisha akailipa kodi ya hekalu ili asiwakwaze watu. Mwungwana aweza kulipa asichodaiwa. Huru anayetishwa hulipa asichodaiwa pia, lakini kwa hofu. Fedha ni ile ile; uhuru haumo katika fedha.

Hapo ndipo penye kipimo cha mahubiri yetu. Mahubiri ya ufunguo na ustawi humwambia mtu juu ya adui zake, ndoto zake, kazi yake na nyumba yake. Ni nadra kumwambia juu ya jirani yake, isipokuwa jirani huyo ametuhumiwa uchawi. Uhuru usiomfikia jirani kwa upendo, bali humfikia kwa tuhuma, si ule wa Wagalatia.

Mahali tunapotofautiana na Luther

Uhakiki usiokuwa na lawama ni sifa tu. Hatuna budi kusema kwamba mgawanyo wa mtu wa ndani na mtu wa nje, ambao Luther ameujengea kitabu chake, una udhaifu. Luther anafundisha kwamba kifungo, njaa na ugonjwa wa mwili haviidhuru roho iliyo huru. Mfungwa aliye katika imani ataupokea ujumbe huo kama faraja. Lakini ukiwekwa kinywani mwa mwenye funguo za gereza, neno hilo hilo linageuka kuwa kongwa.

Historia imelithibitisha jambo hili upesi. Miaka mitano tu baada ya kitabu kutoka, wakulima wa kusini mwa Ujerumani waliandika madai 12, na katika dai la tatu walisema kwamba Kristo amewakomboa wote kwa damu yake, basi haifai wahesabiwe kuwa mali ya mabwana. Luther aliwajibu kwamba wameugeuza uhuru wa Kikristo kuwa jambo la mwili. Na vita vilipoenea aliandika dhidi yao kwa ukali ambao hata rafiki zake uliwashtua. Maelfu waliuawa katika mwaka ule wa 1525.

Sisi tunaosoma neno kongwa kwa historia tuliyo nayo hatuwezi kumfuata mpaka huko. Kongwa lilikaa shingoni, na shingo ni mwili. Hata hivyo, silaha ya kumpinga Luther tumeipata kwa Luther mwenyewe: nusu ya pili ya kitabu chake inasema kwamba Mkristo aishi katika Kristo kwa imani na katika jirani kwa upendo. Ikiwa jirani yangu ana njaa, amedhulumiwa shamba, au ametozwa fedha kwa jina la Yesu, basi mwili wake ndio mahali ambapo uhuru wangu unatakiwa kazini.

Upya wa kila siku

Imebaki kusema neno juu ya upya, kwa maana mama yetu aliuliza habari za nguvu zilizokwisha. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kufika Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwafundisha wazazi wetu kwamba Mkristo aliyebatizwa aweza kulala, na kwamba damu ya Yesu humwamsha. Waliungama dhambi waziwazi, wakarudisha mali walizoiba, wakapatana na adui zao. Kanisa letu lina deni kwao. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa mwaka 1977 huko Dar es Salaam kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa tunda la Uamsho huo. Na katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu, alijishughulisha na swali ambalo wahubiri wa laana za ukoo hulipita haraka: namna gani Kanisa liwe jamaa ya kweli kwa watu walioumbwa na ukoo.

Lakini mahali pengine ushuhuda wa siku moja ya kuokoka uligeuka kuwa kipimo, na baadhi ya vikundi viliongeza masharti ya mavazi na desturi, mpaka uhuru ukawa na sheria zake mpya. Luther anatupa njia iliyo nyepesi zaidi, nayo ni ngumu zaidi. Tangu hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517 alifundisha kwamba maisha yote ya waamini ni toba. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, katika swali la nne juu ya Ubatizo, alifundisha kwamba mtu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku na mtu mpya afufuke kila siku. Paulo alikwisha kulisema hilo katika Warumi 6:4. Upya wa Kikristo ni kurudi mahali tulipoanzia. Aliyeanguka hatafuti hati nyingine. Anarudi kuisoma ile aliyopewa.

Hitimisho

Tulimtembelea yule mama baadaye, nyumbani kwake. Juu ya meza palikuwa na chupa mbili tupu za mafuta. Tulimwomba atuonyeshe cheti chake cha ubatizo, naye akakitoa ndani ya Biblia, kimekunjwa mara nne. Tukamsomea tarehe, jina lake na jina la Utatu Mtakatifu, tukamwambia: "Mama, nguvu zake hazijakwisha. Siku hii uliandikwa huru, tena ukafanywa mwana wa nyumbani. Babu yako hana dai juu yako ambalo Kristo hakulilipa." Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: "Na wenzangu wanaokwenda kule, nani atakwenda kuwaambia?"

Swali hilo la pili ni zuri kuliko la kwanza, kwa kuwa anayeliuliza amekwisha kuanza kuwatazama jirani zake. Tunawaachia ndugu wachungaji na wanafunzi wa theolojia, ambao kila Jumapili hushika maji ya ubatizo kwa mkono mmoja na kadi za sadaka kwa mkono mwingine.